Mwalimu Njau Anakubali Kukosolewa

Njau hakuwa mwalimu wa shule. Ujana wake wote aliumalizia kwenye mitambo ya kufuma vitambaa katika Eneo la Viwanda la Thika, na ualimu aliupata kanisani, Witeithie, alikoongoza kwaya tangu mabati ya kanisa yalipokuwa yanang'aa. Hakuna aliyekumbuka wimbo kuanzishwa na koo jingine isipokuwa lake.

Alikuwa mwalimu mzuri, hilo hata adui zake walikubali. Aliwachukua wauza mboga, makanga wa matatu na wasichana wa saluni ambao hawakujua noti ni mnyama gani, na baada ya miezi kadhaa wakaimba sauti nne bila kuangalia kitabu. Lakini alikuwa na ulimi. Mtu akikosea, Njau aliinua mkono, kwaya yote ikanyamaza, na yule aliyekosea akaambiwa asimame aimbe peke yake ili wote wasikie ubaya wake. Nzioka, kijana wa kinanda, aliwahi kuambiwa kwamba Mungu alimpa vidole kwa huruma, baada ya kuona alichomwekea kooni. Kila mtu alicheka, hasa kwa shukrani kwamba siku hiyo haikuwa zamu yake. Njau mwenyewe hakuuona kuwa ukatili. Alisema kurudiwa, yaani kuonywa, ni upendo, na Mkristo asiyeweza kurudiwa hajaokoka, amezoea kanisa tu.

Katika kwaya hiyo alikuwamo Lynn. Aliingia akiwa mtoto, akisimama kando ya mama yake katika sauti ya pili, na mama alipofariki, Njau ndiye aliyeimba kaburini. Tangu hapo Lynn alimchukulia kama mzazi. Alipofika miaka ya ishirini na kitu, yeye ndiye aliyewashikilia wanawake wa sauti ya pili. Akikosa mazoezi, walitangatanga.

Sasa, Njau alikuwa na kiburi kimoja kilichojulikana: hakuanzisha wimbo kwa kinanda. Alisema kinanda ni mkongojo wa waliolemaa masikio. Alikohoa kidogo, akatoa sauti, na kwaya ikaifuata. Kwa miaka mingi hilo lilikuwa jambo la kujivunia. Kisha taratibu, bila mtu kujua lilianza lini, sauti yake ikaanza kushuka. Wimbo ulianza juu, na ukifika ubeti wa tatu ulikuwa umeteremka, na kwaya imeteremka nao kama watu wanaomfuata kiongozi mtaroni. Nzioka alikuwa akibonyeza kinanda kukishusha kimyakimya ili kilingane. Mtu mmoja alirekodi kwa simu, na klipu hiyo ikazunguka kwa wanakwaya wote, na alama za kucheka zikifuatana chini yake. Njau hakuiona. Yeye ndiye pekee ambaye hakutumiwa.

Lynn alitumiwa, na hakucheka. Alikaa nayo wiki nzima, akaomba, kisha alasiri moja akaenda nyumbani kwa mwalimu wake. Ngendo, mke wa Njau, alimkaribisha chai, akarudi jikoni. Lynn alizunguka sana kabla ya kufika kwenye jambo lenyewe. Alisema amekuja kama mtoto wake, na kwamba afadhali yeye aseme kuliko watu kuendelea kusemea pembeni.

"Mwalimu, siku hizi unashuka," alisema mwishowe. "Si mara moja moja. Kila wimbo. Labda uende upimwe masikio."

Njau aliweka kikombe chake mezani. Alitaka kujua ni nani aliyemtuma. Lynn akasema hakutumwa. Njau akatabasamu, akamshukuru kwa ujasiri wake, na akamwomba afunge kwa maombi kabla ya kuondoka. Lynn aliomba kwa sauti iliyotetemeka kwa furaha. Alitoka pale akiwa mwepesi, akiamini kwamba mambo yamekwisha vizuri.

Jumamosi, kwenye mazoezi, Njau alisimama mbele ya kwaya huku ameshika Biblia kifuani. Sauti yake ilikuwa ya upole, upole ambao wanakwaya hawakuuzoea. Aliwaambia kwamba dada yao Lynn amemtembelea kumkosoa, na kwamba yeye kama Mkristo amekubali kukosolewa kwa unyenyekevu wote. Kwa hiyo leo ameshuka kitini. Lynn apite mbele awafundishe.

Lynn hakuinuka. Njau akamfuata, akamshika mkono kwa adabu, akamsimamisha mbele, kisha yeye akaenda kukaa kwenye benchi la kwanza kama mwanafunzi na kupakata mikono.

"Kabla hajaanza, naomba kuuliza," alisema kutoka pale. "Lynn anasema mimi nashuka. Mwingine anayesikia hivyo ainue mkono. Tuko nyumbani mwa Bwana, msiogope."

Hakuna aliyeinua. Lynn alimtazama Nzioka, na Nzioka akavitazama vidole vyake. Aliwatazama wanawake wa sauti ya pili, mmoja mmoja, na kila mmoja alipata kitu cha kutafuta mkobani. Nyuma kabisa alikaa Ngendo, aliyekuja na birika la chai ya mazoezi. Alikuwa ameinamisha kichwa.

"Basi labda tatizo ni letu sisi wote," Njau alisema. "Hebu imba, mama. Tuonyeshe."

Lynn aliimba. Kabla hajamaliza mstari, Njau aliinua mkono akamwambia amepanda. Akaanza tena, akaambiwa bado. Alikuwa sawa kabisa, na Nzioka alijua, na wote waliokuwa na masikio walijua. Lakini Njau hakuwa akiigiza. Kwa kweli alimsikia amepanda, na kila alipomsikia hivyo alizidi kuwa na hakika kwamba msichana huyu ana kiburi. Alimrudisha mwanzo mara nyingi mpaka watu wakaanza kuguna. Kufikia hapo Lynn alikuwa ameanza kushuka, akipatafuta mahali ambapo mwalimu wake angemkubali, na sauti yake ikawa haiko juu wala chini, ikatetemeka na kukatika.

Njau angeweza kuacha hapo. Lakini kulikuwa na utamu fulani mdomoni mwake, na hakutaka uishe.

"Mama yako alikuwa na sauti ya kweli," alisema polepole. "Namshukuru Mungu alimchukua mapema."

Mtu mmoja nyuma alicheka, kisha akajizuia. Lynn alichukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, na hakuna aliyesogeza goti kumpisha. Wiki iliyofuata ilisemekana kanisani kwamba ana roho ya uasi. Mchungaji Munyao, mtu mpole asiyependa mizozo, alimwita na kumsihi amwombe mwalimu radhi ili amani irudi. Aliomba radhi. Kisha akahamia Ruiru kwa shangazi yake, na jina lake likatolewa kwenye kundi la simu la kwaya.

Tamasha la kwaya lilifanyika Thika mwaka huohuo, katika ukumbi uliojaa watu mpaka milangoni. Njau alikuwa amejipa ubeti wa tatu aimbe peke yake, kama kawaida. Alianza vizuri. Alipofika katikati aliona nyuso za safu ya mbele zikibadilika, akadhani wameguswa, akafumba macho na kuongeza nguvu. Kwaya ilipoingia kumpokea, nusu walikifuata kinanda, ambacho Nzioka alichelewa kukishusha, na nusu wakamfuata yeye, na kilichotoka kilikuwa kama malori mawili yanapiga honi. Kicheko kilianza kwa vijana wa kwaya nyingine, kikapanda ukumbini. Njau alifumbua macho, akatafuta kwenye safu nani amekosea.

Jaji alikuwa mama mmoja mnene mwenye miwani, asiye na haraka. Alisema kwaya ya Witeithie imefundishwa na mtu aliyejua kazi yake. Kisha akaishusha karatasi.

"Lakini huyu mzee wenu hasikii," alisema kwenye kipaza sauti. "Na hili si jambo la leo. Niulize tu: katika nyinyi wote, hakuna anayempenda hata mmoja wa kumwambia?"

Basi lilirudi Witeithie bila wimbo. Njau alikaa mbele na hakuna aliyekuja kukaa naye. Nyumbani alivua koti, akakaa kitandani, akamuuliza mkewe kama ni kweli. Ngendo alisema ni kweli. Akamuuliza amejua tangu lini. Ngendo alisema tangu zamani, tangu kabla ya Lynn.

"Na ukanyamaza?"

Ngendo alikuwa akikunja joho la kwaya la mumewe. Alimkumbusha mwaka wa kwanza wa ndoa yao, yeye akiwa sauti ya kwanza, siku Njau aliposimamisha mazoezi na kuwaambia watu kwamba mke wake anaimba kama mtu anayeita kuku. Watu walicheka, naye akacheka nao.

"Sijaimba tena, Baba Macharia," alisema. "Hata nikiosha vyombo. Wewe hukuwahi kuuliza."

Ilikuwa kweli. Njau alidhani mkewe aliacha kwaya kwa sababu ya watoto.

Alipimwa masikio mjini Thika, katika kliniki ya msichana mmoja wa Kihindi aitwaye Sheetal, mzaliwa wa papo hapo mjini, aliyesema naye Kiswahili cha kawaida bila kujipamba. Alimfungia ndani ya chumba kidogo, akamvisha vifaa vya kusikilizia, akamwekea sauti katika sikio la kulia, kisha la kushoto, akauliza ni ipi iliyo chini. Njau akasema ya pili. Wakarudia. Akasema ya pili tena, bila shaka yoyote.

"Ni sauti ileile, mzee," Sheetal alisema. "Masikio yako hayakubaliani. Ulifanya kazi wapi?"

Alipomweleza habari za mitambo, Sheetal alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuwaona wengi. Akasema haya hayakutokea jana. Yalianza polepole, pengine zaidi ya miaka kumi iliyopita, na hayarudi. Njau alitoka, akasimama kando ya barabara huku pikipiki zikimpigia honi. Zaidi ya miaka kumi. Alijaribu kuwakumbuka wote aliowasimamisha katika muda huo, na nyuso zikaja kwa wingi, nyingine bila majina.

Mchungaji Munyao alipendekeza astaafu kwa heshima, na kanisa limfanyie sherehe. Njau alikataa sherehe, akaomba nafasi ya kusema na kwaya. Alisimama mbele yao akakiri yote, masikio, kiburi, na aliyomtendea Lynn. Alisema vizuri, alikuwa mtu wa kujua mahali pa kutulia na mahali pa kuinua sauti. Wanawake walilia. Wanaume walikuja kumkumbatia, na mchungaji akasema kwamba hajawahi kuona unyenyekevu wa namna hiyo. Njau alitembea kurudi nyumbani akiwa na joto kifuani. Alimuuliza Ngendo, aliyekuwa amekaa nyuma na birika lake, ameonaje.

"Umeimba peke yako tena," Ngendo alisema.

Jibu lilimjia Njau mdomoni, kali na tayari. Akalimeza. Hakuwahi kumeza jibu kabla ya siku hiyo, na lilishuka kama mfupa.

Ndipo akaenda Ruiru. Lynn alikuwa akifundisha watoto wadogo katika shule ya chekechea ya mtaani, nyumba ya mabati iliyopakwa rangi za wanyama. Njau alifika wakati wa nyimbo. Aliwasikia watoto wakiimba, na alipochungulia aliona spika ndogo juu ya meza, imeunganishwa na simu. Watoto waliimba na spika. Mwalimu wao alipiga makofi na kucheza nao, na mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Mapumziko yalipofika alimkaribisha ndani, akampa kiti cha mtoto kwa kuwa hakukuwa na kingine. Njau alikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Alimwambia Lynn kwamba ile siku yeye ndiye aliyesema kweli.

"Nilijua," Lynn alisema.

Alimwambia amepimwa, akamweleza maneno ya Sheetal, akamwomba msamaha, hasa kwa lile neno kuhusu mama yake. Lynn alimsikiliza huku akiokota penseli za rangi chini.

"Nilikusamehe kitambo, Mwalimu. Ilibidi. Siwezi kuomba Baba Yetu na watoto kila asubuhi na hiyo kitu iko kwa roho."

Njau akashusha pumzi. Akasema basi arudi. Kwaya inamhitaji, sauti ya pili imeanguka, na yeye mwenyewe angefurahi kumsikia kabla masikio yake hayajaziba kabisa. Lynn aliacha penseli.

"Unaona sasa. Umekuja kuomba msamaha, na tayari unaniambia niimbe."

Njau aliokota penseli iliyokuwa miguuni pake, akaiweka mezani.

"Ile siku nilijua niko sawa," Lynn aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nilijua kabisa. Halafu nikaanza kushuka kwa sababu ni wewe umesema. Hiyo ndiyo iliniharibu. Si kuchekwa. Sasa nikifungua mdomo sijui niko wapi. Nimejaribu nikiwa peke yangu kwa nyumba. Sijui tu."

Watoto walipiga kelele nje. Lynn akamuuliza kama anamkumbuka Ndambuki. Hakumkumbuka. Lynn akamweleza: alikuwa besi, mpakiaji wa magunia, na Njau alimwambia mbele za watu kwamba hata kondoo akichinjwa hulia kwa adabu zaidi. Sasa anafuga mbuzi Gatuanyaga, na tangu siku ile hajaingia kanisa lolote.

"Mimi angalau unanikumbuka," alisema, akainuka kuwaita watoto.

Njau alikwenda Gatuanyaga kwa bodaboda, akafika amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndambuki alimpokea langoni na hakulifungua. Alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwita mkewe, akawaita na majirani wawili waliokuwa wakichota maji, akamwambia mgeni aseme tena, tangu mwanzo. Njau akasema tena. Ndambuki akamwambia hawakusikia vizuri, aongeze sauti. Njau akarudia kwa sauti kubwa, lile neno la kondoo pia, na mmoja wa majirani akaangua kicheko.

"Sawa," Ndambuki alisema. "Umesikika. Sasa nenda."

Hakumwambia amemsamehe. Njau alimngoja kidogo aseme, kisha akaelewa kwamba hakuja kudai kitu. Akageuka. Mwenye bodaboda alikuwa ameondoka zamani, na njia ya kurudi lami ilikuwa ndefu na ya jua.

Kwaya ilipewa Nzioka. Njau aliomba abaki, akae popote watakapomweka, na akawekwa safu ya nyuma ya besi, kando ya nguzo. Nzioka aliijua kazi. Alikuwa amefundishwa na Njau kwa miaka mingi, akachukua kila kitu, jinsi ya kupanga sauti, jinsi ya kuvuta pumzi, na ule mkono unaoinuka kusimamisha watu. Kwenye mazoezi ya pili mkono ukainuka.

"Kuna mtu kwa besi anatuvuta chini," Nzioka alisema, na kwaya yote ikageuka. "Mzee Njau, tafadhali. Fungua mdomo lakini sauti usitoe. Tutakuhesabu kama pambo."

Walicheka. Ni walewale waliomkumbatia wakilia. Njau alimtazama kijana yule pale mbele, akauona utamu ule mdomoni mwake, maana aliujua. Alikuwa na jibu ambalo lingemmaliza Nzioka hapohapo, na kwaya ingecheka zaidi. Lilikuwa limekwisha kufika ulimini.

"Sawa, Mwalimu," alisema.

Mazoezi yalipokwisha alimngoja Nzioka mpaka watu wakaondoka, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye mwenyewe hana neno, alistahili. Lakini yule mama mgeni wa sauti ya kwanza aliyeambiwa leo kwamba analia kama gari bovu, amfuate nyumbani amwombe radhi, asingoje. Nzioka alifunga kinanda ndani ya kitambaa chake. Akasema amesikia, na kwamba mzee asisahau ni nani mwalimu sasa. Akazima taa Njau akiwa bado ndani.

Yule mama hakurudi Jumamosi iliyofuata. Njau alimtafuta mtaani, akamkuta, akakaa naye na mumewe jioni nzima, na hata hivyo hakurudi.

Yeye alirudi. Kila Jumapili alivaa joho lake, akasimama kando ya nguzo, akafungua mdomo pamoja na wenzake na kuufunga pamoja nao, na kilichotoka kilikuwa pumzi tupu. Waliohamia Witeithie karibuni hawakujua alikuwa nani. Mmoja wao, fundi wa mawe aliyepewa nafasi kando yake, aliona siku moja mzee anafungua kitabu ukurasa usio wake, akamgusa kiwiko na kumwambia kwa nguvu, kama mtu anavyosema na kiziwi, kwamba amepotea. Njau alikuwa akijua wimbo ule tangu kabla fundi huyo hajazaliwa, na kitabu alikishika tu ili mikono ipate kazi. Alimshukuru, akafungua pale alipoonyeshwa.